Fundi Ajibu: Nambari ya Hitilafu Isiyoondoka Kwenye Printa ya Rangi

SWALI: Kwa Fundi wa jarida, assalamu alaykum. Nina duka dogo la uchapishaji hapa Langoni, Lamu, katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya zamani. Printa yangu ni ya leza ya rangi, kubwa kiasi, niliyoinunua Mombasa ikiwa imeshatumika, ikavushwa kwa mashua kutoka Mokowe na kufikishwa dukani kwa mkokoteni. Ilifanya kazi vizuri hadi hivi karibuni, ilipoanza kusimama katikati ya kazi na kuonyesha nambari ya hitilafu ambayo nimekuandikia pamoja na jina la mashine. Mwanzoni nilikuwa nikizima na kuwasha, nayo ikiondoka. Sasa haiondoki mpaka kijana anayenisaidia aingie katika menyu ya siri ya mafundi, aliyoijua kwa kutazama video, na kuifuta. Ikishafutwa, mashine huchapisha kurasa kadhaa kisha tunarudi palepale. Kinachonishangaza ni kwamba asubuhi haitokei sana, bali hutokea baada ya Magharibi, na karibu kila mara tukiwa katika kazi za rangi: kadi za arusi, na sasa ratiba na mabango ya Maulidi. Kwa sababu hiyo nilidhani kasoro iko kwenye rangi, nikabadilisha tona nyekundu na baadaye drami yake, yaani ile silinda inayobeba picha ya unga, bila mafanikio. Fundi niliyempigia simu ameniambia ninunue fyuza mpya, yaani sehemu inayoigandisha tona kwenye karatasi kwa joto, ambayo bei yake inazidi nusu ya fedha nilizonunulia mashine yenyewe. Je, ninunue?
Dada mwenye duka, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yetu. Usinunue bado. Huenda fyuza yako ni nzima kabisa, na barua yako imebeba dalili mbili zinazonifanya niseme hivyo, nazo ni ile saa ya Magharibi na zile kurasa kadhaa zinazotoka kabla ya mashine kusimama.

Nambari uliyotuandikia ni ya kundi la hitilafu za fyuza, na kwa kuwa kundi hilo limo katika printa za leza za watengenezaji wote, tumeliacha jina la mashine yako ili jibu liwafae na wengine. Katika printa za HP hitilafu hizi huanza na 50. Katika mashine za Canon ni E000 na zile zinazoifuata mara moja. Katika mashine za Ricoh nyingi zake huandikwa SC na kufuatwa na nambari zinazoanza na 54. Yako, kwa maneno ya kawaida, inasema hivi: kompyuta ya mashine imeamuru moto uwashwe, imesubiri muda uliowekwa, na kihisi cha joto hakikuripoti kiwango kilichotarajiwa. Basi hilo tu ndilo mashine inalolijua. Haijui kama umeme uliofika ulikuwa hafifu, au taa ya kupasha moto imechakaa, au kihisi kimefunikwa na uchafu kikawa hakioni joto lililopo, au waya unaounganisha vyote hivi umelegea. Nambari hutaja mahali ambapo tatizo limeonekana, na kazi ya kutafuta lilikotoka inabaki kuwa ya mtu. Fundi anayeagiza fyuza kwa simu kabla ya kuuliza hitilafu hutokea saa ngapi anakisia, na gharama ya kukisia huko inatoka mfukoni mwako.

Tuanze na suala la rangi, kwa sababu limekwisha kukugharimu. Tona si wino bali ni unga laini wa plastiki uliochanganywa na rangi. Mashine yako hupanga unga wa rangi nne, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, huuhamishia kwenye karatasi, na mwisho kabisa huipitisha karatasi hiyo katika fyuza, baina ya roli mbili zinazobana, moja ikiwa na joto ambalo katika mashine nyingi huwa kati ya nyuzi 160 na 200 za Selsiasi, ili unga uyeyuke na kushikamana na karatasi. Kwa hiyo karatasi inapofika kwenye fyuza, tona na drami zimekwisha kumaliza kazi yake, na hakuna drami mpya inayoweza kuleta joto pale. Ikiwa ile ya zamani ilikuwa bado nzuri, ihifadhi mahali pakavu penye giza, maana mwanga huiharibu.

Kwa nini basi hitilafu hupenda kazi za rangi? Naona sababu mbili. Kadi ya arusi huchapishwa kwenye karatasi nene inayong'aa, ambayo hunyonya joto jingi zaidi kuliko karatasi ya kawaida, na picha ya rangi hulaza tabaka kadhaa za unga mahali ambapo maandishi meusi hulaza moja tu, kwa hiyo fyuza hudaiwa joto zaidi katika muda uleule. Sababu ya pili ni ya ratiba yako mwenyewe: kama duka lako ni kama mengi, wateja huleta kazi mchana, nawe hukaa kuzichapisha jioni. Unaweza kuthibitisha haya bila kutumia hata shilingi. Chapisha kazi ya rangi kwenye karatasi za kawaida asubuhi, kisha chapisha maandishi meusi matupu kwenye kadi nene usiku. Ya asubuhi ikipita salama na ya usiku ikakwama, rangi haihusiki tena, na tutakuwa tumebaki na joto na saa.

Sasa tuitazame hiyo saa, maana hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Taa iliyokatika ndani ya fyuza haichagui wakati. Ingekuwa imekatika, mashine ingekataa asubuhi na jioni, tena ingekataa tangu inapowashwa, bila kutoa ukurasa hata mmoja. Yako hupata joto, huchapisha, kisha hushindwa kulishikilia joto hilo mzigo unapozidi, na hushindwa zaidi wakati ambapo kila nyumba imewasha taa, feni na friji. Dalili hizo zinaelekeza kwenye umeme kabla ya kuelekeza kwenye fyuza. Umeme wetu hapa Kenya hutajwa kuwa wa volti 240, lakini kinachofika kwenye plagi jioni, hasa kwa walio mwishoni mwa laini, kinaweza kuwa pungufu ya hapo. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, upungufu ni wa sehemu moja kwa sita tu, lakini taa ya fyuza hupoteza robo ya nguvu zake au zaidi, kwa sababu mkondo nao hushuka pamoja na volti. Ni sawa na kubandika sufuria ileile ya pilau kwenye jiko lililopungukiwa na makaa: chakula kitachelewa, na mpishi aliyeweka saa atadhani sufuria ndiyo mbovu.

Hukutueleza printa yako imechomekwa wapi. Nauliza kwa sababu nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene ambazo si rahisi kupitishia nyaya mpya, na maduka mengi yaliyomo humo hutegemea soketi moja ya ukutani na ekstensheni ndefu inayobeba kompyuta, feni, mashine ya lamineti na printa kwa pamoja. Mashine ya lamineti nayo ni ya moto, hivyo vyombo viwili vyenye uchu wa umeme hugombea waya mmoja mwembamba. Printa ya leza ikiwa imetulia hutumia umeme mdogo sana, lakini fyuza inapopasha moto inaweza kuvuta wati 1000 na zaidi kwa ghafla, na ekstensheni iliyokunjwa mafundo hupoteza sehemu ya volti njiani na yenyewe kupata joto. Iguse baada ya nusu saa ya kazi. Ukikuta ina joto, usiendelee kuitumia hata kama haikuwa chanzo cha nambari hii.

Mwite fundi wa umeme aje na multimita, naye apime volti kwenye soketi ileile inayolisha printa, asubuhi na tena baada ya Magharibi. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa wakati printa inapasha moto na vyombo vingine vimewashwa kama ilivyo kawaida yako. Ukipima mashine ikiwa imelala utaona namba nzuri na kudanganyika. Soma pia kibandiko kilicho nyuma ya mashine. Kikiwa kimeandikwa volti 220 hadi 240, kwa kawaida watengenezaji huruhusu tofauti ya asilimia 10 tu, maana yake ni kwamba ikishuka chini ya volti 198 mashine ina haki ya kulalamika. Ikiwa namba ya jioni inakaribia hapo, jaribu kwanza lile lisilo na gharama: ondoa ekstensheni, chomeka printa moja kwa moja ukutani, na zima lamineti mpaka kazi ya kadi iishe. Ikisaidia, dawa ya kudumu ni soketi ya printa peke yake, yenye waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme. Isiposaidia, na volti za ukutani kwenyewe ni hafifu, utahitaji stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, yenye uwezo usiopungua mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Usiichomeke printa ya leza kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta, wala kwenye inverta ya bei nafuu ya sola, hata umeme ukikatika mteja akiwa amesimama mlangoni. UPS hiyo haina nguvu za kulisha fyuza, na inverta nyingi za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi yaliyokatwakatwa, ilhali mashine huongoza joto lake kwa kufuata mawimbi ya umeme wa kawaida, ambayo hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Mpangilio huo ukivurugika, unaweza kupata nambari nyingine mpya juu ya hii uliyo nayo.

Ikiwa volti ni nzuri asubuhi na jioni, nitaacha kuushuku umeme na kuishuku bahari. Hewa ya Lamu hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevu hula polepole vile vipini vya shaba vilivyo nyuma ya fyuza, mahali inapochomekwa kwenye mwili wa mashine. Kipini kilichoshika kutu hupitisha umeme kwa shida, na taarifa ya kihisi inayopita hapo hufika kwenye kompyuta ikiwa imepotoshwa. Safari yako ya mashua na mkokoteni nayo inaweza kuwa ililegeza kiungo ambacho kimeendelea kuachia kidogokidogo. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, na uiache angalau nusu saa, kwa sababu roli zile huunguza. Ikiwa fyuza ya mashine yako ni ya aina inayofunguliwa kwa vishikio bila bisibisi, itoe na uvitazame vipini kwa tochi. Ukiona weusi, ukijani au unga mweupe, vipanguse kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, acha vikauke kabisa, kisha rudisha fyuza mpaka usikie imejifunga pande zote mbili. Msasa usiutumie, kwani huondoa lile tabaka jembamba linalokinga chuma, na kutu itarudi kwa kasi zaidi. Kuhusu kihisi chenyewe, ambacho hushika mabaki ya tona, vumbi la karatasi na, katika nyumba kama yako, vumbi la chokaa ya ukutani, mwachie fundi aliye mbele ya mashine, maana ni chepesi kuvunjika.

Jambo dogo ambalo wengi hulipuuza ni karatasi. Rimu iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, na fyuza hulazimika kwanza kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kabla ya kuyeyusha tona. Funga rimu zako katika mifuko yake. Unapotia kadi, iambie mashine kwamba ni karatasi nene, kwa kuchagua aina hiyo kwenye menyu ya trei. Itapunguza mwendo na kuipa fyuza muda wa kurudisha joto. Ukiacha mipangilio ya karatasi ya kawaida, mashine itaikimbiza kadi ya gramu 300 kwa mwendo wa karatasi ya gramu 80. Sugua kwa kidole kadi ya mwisho kutoka kabla ya mashine kusimama: rangi ikitoka, joto kweli lilikuwa pungufu, ikiwa imeshika imara, huenda joto lilikuwepo na kihisi ndicho kilichotoa habari za uongo. Mweleze fundi ulichokiona, kwa maana jibu hilo litamfupishia kazi.

Sasa nizungumzie lile linalonitia hofu katika barua yako. Mwambie kijana wako aache leo hii kuifuta nambari hiyo. Hitilafu nyingi za printa huondoka mashine ikizimwa, lakini katika mashine kubwa za ofisini zile za fyuza hufungwa kwa makusudi ili mtumiaji asizifute. Fikiria kihisi kilichofunikwa na uchafu, kinachosema kuna baridi ilhali roli imekwisha kupata moto. Kompyuta itaongeza moto, na itaongeza tena. Kinachobaki kuizuia ni swichi ndogo ya joto inayokata umeme mambo yanapopita kiasi, na kila anayeifuta nambari bila kuondoa chanzo anaiachia swichi hiyo ulinzi wote. Printa ile imejaa karatasi na unga unaoshika moto, nayo imo chini ya dari ya boriti za mikoko, katika mtaa ambao vichochoro vyake havipitishi gari la zimamoto. Kuifuta nambari ni hatua ya mwisho ya matengenezo, hufanywa na fundi baada ya chanzo kupatikana na kuondolewa. Mpaka hapo, kazi ya Maulidi isiyoweza kungoja ipeleke kwa mwenzako mwenye mashine nzima, hata kama faida mtagawana.

Na baada ya yote haya, ikithibitika kwamba fyuza imechakaa kweli, nunua, lakini kabla ya kulipa soma volti zilizoandikwa juu yake. Fyuza za mashine moja mara nyingi hutengenezwa kwa aina mbili, moja ya volti 110 hadi 120 kwa nchi kama Marekani, na nyingine ya volti 220 hadi 240 kwa nchi kama yetu, na kwa macho zinafanana. Vipuri vya mitumba huchanganywa madukani. Ile ya volti 110 ikitiwa katika mashine yako itapokea umeme mara mbili ya kiwango chake.

SWALI: Fundi, hujambo? Nina studio ya picha mjini Malindi na natumia printa ya wino yenye matangi ya rangi. Imeanza kunionyesha nambari na ujumbe kwamba pedi ya wino mchafu imejaa, na sasa imegoma kabisa kuchapisha, ingawa sijaona tone lolote likimwagika. Rafiki yangu amenipa programu ya kurudisha hesabu kwenye sifuri. Je, niitumie?
Mpiga picha, Malindi

JIBU: Sijambo, ndugu. Nambari yako ni ya jamaa tofauti na ile ya dada wa Lamu. Kila printa ya wino inaposafisha kichwa chake, yaani sehemu inayotoa wino, hunyunyiza wino ndani ya pedi za sponji zilizo chini yake, na inapochapisha picha isiyo na ukingo mweupe, ambayo bila shaka ndiyo kazi yako ya kila siku, hunyunyiza kidogo nje ya karatasi, nao huo huenda kwenye pedi. Mashine nyingi haziwezi kuipima pedi. Huhesabu tu zimetoa wino kiasi gani, na hesabu ikifika mwisho hugoma. Katika printa za Canon nambari ijulikanayo sana ya hali hii ni 5B00.

Programu ya rafiki yako hurudisha hesabu, lakini haipunguzi wino uliokwisha kunywewa. Ukiitumia bila kubadilisha pedi, mashine itaamka na kuendelea kumimina wino katika sponji iliyoshiba, mpaka siku itakapochuruzika mezani au, vibaya zaidi, kwenye saketi zake. Tazama kwanza kama mashine yako ina kisanduku cha matengenezo kinachochomolewa kwa mkono, kama zilivyo printa nyingi mpya za Epson. Ikiwa kipo, nunua kipya, ukibadilishe mwenyewe na kazi iendelee. Ikiwa hakipo, fundi aifungue, atie pedi mpya, na hapo ndipo hesabu irudishwe sifuri. Punguza pia usafishaji wa kichwa usio wa lazima; wapo wanaousafisha kila asubuhi kama desturi, na hivyo huijaza pedi mapema kwa wino walioununua kwa fedha zao. Chapisha ukurasa mdogo wa majaribio kwanza, na usafishe pale tu unapoona mistari imekatika.

Unapoipeleka kwa fundi, funga vali ya matangi ikiwa mashine yako inayo, na uibebe ikiwa imekaa sawasawa kama ilivyokaa mezani. Ndani ya tuktuk ishike mapajani, usiilaze ubavu kwenye kiti, kwani pedi iliyojaa humwaga wino mashine ikiinama.